Nilisema Umeuza Matumbo ya Laptop

Paker wangu,

Takwenya. Nimesema hiyo salamu yenu kwa sauti hapa kwa nyumba na ni kuku peke yake imeniangalia. Najua hujaitika. Wacha niendelee tu, kwa sababu nikianza kungoja uitike sitaandika kitu leo, na wewe unajua kungoja si kazi yangu.

Hii barua si ya bahasha. Nimeambia mwenyekiti wetu Mama Njeri aibandike pale kwa mlango ya holi ya kanisa, pale tunashonea shanga, kila mtu apite asome. Yako nitatuma na mtu, initangulie kwako. Nilikukosea mbele ya watu, sasa nikikuomba msamaha kwa siri itakuwa ni wizi mwingine. Kwa hivyo nitasema hata vitu wewe unajua, ndio hawa wa mlangoni wasipotee. Nivumilie. Umenivumilia miaka ishirini, ongeza hii moja.

Nilikuja Kitengela na bwana yangu akiwa ameandikwa kwa kiwanda ya simenti. Nimetoka Bungoma, sijui mtu, Kimaasai sijui, hata Kiswahili yangu ilikuwa inachechemea. Wewe Ngoto Sein, yaani Mama Sein kwa Kimaasai, ndio ulikuwa unaletea watu wa plot maziwa. Wengine waliniuzia vitu na kuenda, lakini wewe uliweka mtungi chini na ukauliza, "Mbona tumbo yako imeshuka hivyo na uko peke yako?" Siku nilizaa Brayo mama yangu mzazi alikuwa mbali, wewe ukakuja. Ulikaa siku nne. Ulinipikia, ulifua, uliongea kidogo sana. Siku ya nne ukaniambia, "Nimekupea kondoo."

Nikakuuliza, "Nitamweka wapi, chini ya kitanda?"

"Atakaa kwa boma yetu, atakatwa sikio alama yako. Lakini kutoka leo mimi na wewe hatuitani majina. Unaniita Paker, na mimi nakuita Paker."

Ndio ukanieleza desturi yenu, ati mtu akikupea kondoo mnaitana kondoo maisha yenu yote, na kama ni ng'ombe mnaitana ng'ombe. Nikakuambia kwetu mtu akikuita kondoo mnapigana. Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Halafu nikasema na mimi nitakupea kitu, lakini niko na kuku tu. Ukapangusa macho, ukasema, "Paker, hakuna Mmaasai ataitana kuku."

Saa hii Brayo ana ndevu. Na hiyo miaka yote sijawahi kusikia ukiniita jina ingine, hata ukiwa na hasira. Mpaka ile Jumamosi.

Unakumbuka vile tulikuwa tunakaa? Mimi mdomo, wewe mkono. Mimi nashona shanga kumi na hadithi tatu, wewe unamaliza mkufu mzima na haujasema kitu. Nikileta habari tamu, ati fulani ameonekana na fulani, unauliza bila kuinua macho, "Hiyo umeona ama umesikia?" Nikisema nimesikia, unarudi kwa shanga zako. Ulikuwa unanikasirisha! Niko na habari moto kama chapati na wewe unaiwekea maji.

Halafu tukapata ile kazi kubwa ya harusi. Wanawake kumi na wawili, vidole zimetoboka, lakini tukamaliza, na kikundi ikanunua laptop. Mpya, ndani ya kartoni, na ile nailoni yake. Mama Njeri aliiombea. Mtu mmoja akasema nailoni isitolewe, na tukakubali wote, ikakaa na nailoni kama sofa ya wageni. Lakini nani ataitumia? Kufungua tu, inaongea Kizungu. Mimi nilifika darasa la tatu. Nikiangalia ile kioo niliona kama mtu ananisonya. Kumaliza shule ni wewe peke yako kwa kikundi, kwa hivyo tukasema ikae kwako, ujifunze, halafu utufundishe.

Na ukajifunza. Kila Alhamisi ulienda Kajiado kwa masomo ya bure ya komputa, mama wa miaka yako, unakaa na vijana. Ulirudi na kile kidude cha flash, ukakishonea kamba ya shanga ya bluu na nyeupe na machungwa, ukakivaa kwa shingo. Nilikuuliza kama komputa ni ngumu. Ukasema, "Ni kama shanga. Ukijua unahesabu nini, mkono unaenda." Mimi nikacheka. Nilifikiria unajigamba.

Sasa ile siku. Nilikuja kuomba chumvi. Mlango iko wazi, wewe umenipea mgongo, laptop iko kwa meza, na kioo yake ni nyeusi kama chini ya sufuria. Maneno meupe yanapanda, yanapanda, kama siafu imemwagiwa majivu. Nikashtuka.

"Paker, imeharibika?"

Haukugeuka. "Haijaharibika. Nimetoa ile ilikuja nayo, naweka ingine. Ngoja nimalize nikuonyeshe."

Ngoja! Unaambia nani angoje?

Hata chumvi sikuchukua. Nilitoka pale, na kabla nifike kwa Mama Njeri nilikuwa nimeambia watu wanne. Nilisema hivi, wacha niandike vile nilisema ndio aibu itoke yote: "Laptop mpya ya kikundi, Ngoto Sein ametoa matumbo yake. Ni kama mtu anunue ng'ombe mnono, halafu atoe maini na ajaze nyasi. Ya ndani ameiweka kwa ile flash, na ameivaa shingoni mchana kweupe!" Na mtu akiniuliza kama nina hakika, nilipiga kifua. "Hii sikusikia. Hii niliona na macho yangu." Nilikuwa nafurahi, Paker. Miaka yote unaniuliza kama nimeona, na sasa nimeona.

Kufika jioni hadithi ilikuwa imefika Nkoroi na imeota miguu. Kule walisema umepata mnunuzi.

Jumamosi tukakutana kwa holi. Ulikuja na laptop imefungwa na leso safi. Mama Njeri akakuuliza pole pole, "Ngoto Sein, ni kweli umetoa kitu ya ndani?" Ukasema, "Ni kweli nimetoa, lakini hii yenye nimeweka…" Na mimi nikaruka. "Mmesikia? Amekubali na mdomo yake!" Kelele ikapanda. Uliningoja ninyamaze, na mimi nikaongea tu. Ndio ukatoa ile flash kwa shingo, ukaiweka juu ya laptop, ukaniangalia.

"Mama Brayo," ukasema. "Laptop hii hapa."

Wengine hawakusikia kitu. Mimi nilisikia. Ilikuwa kama mtu amenivua nguo. Jumatatu wewe na watu wako mkahamia Kimana, kwa shamba ya nyanya ya shemeji yako. Nimekupigia simu mpaka simu yenyewe imenihurumia.

Wanawake wakasema, wewe Mama Brayo ndio uliona, chukua laptop upeleke kwa fundi irudishiwe matumbo yake. Nikaenda. Kuna fundi hapa mjini Kitengela, mtu mzima, kipara inang'aa kama imepakwa mafuta ya kupikia, na miwani imefungwa na uzi. Akanitolea stuli.

"Shida ni nini, mama?"

"Imeibiwa ya ndani."

"Nani ameiba?"

"Hatutaki kutaja jina," nikasema, na jina nilikuwa nimeitaja Kitengela yote.

Akaifungua. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akaanza kutingisha kichwa. Nikajua sasa tumepata mwizi.

"Mama, ni nani amefanya hii kazi?"

"Ni mmama tu."

"Mwambie akichoka na kazi yake akuje hapa nimwandike. Hii ni safi kuliko yangu."

"Lakini ameuza ile ya kwanza!"

"Ile hakuna kwenye angeiuzia. Imefutwa tu. Hii ameweka inaitwa Linux, inabebwanga tu kwa flash. Ni ya bure."

"Bure ya nani?"

"Ya kila mtu."

"Usinidanganye, fundi. Hata choo ya soko ni ya kila mtu na unalipa kwa mlango."

Alicheka mpaka miwani ikaanguka ikaning'inia na ule uzi. Halafu, sijui aliona nini kwa uso wangu, akaacha kucheka, akavuta stuli yake karibu, na akaniambia kitu yenye mpaka leo nikikumbuka, nywele ya mkono inasimama. Alisema hiyo kitu inafanya laptop iamke, ijue kuandika, ijue kuonyesha picha, iliandikwa na watu wengi sana, wametapakaa dunia yote, na wengi wao hawajawahi kuonana. Mtu ametoka kazi yake, amekula, ameketi, ameandika kipande. Mwingine upande ingine ya dunia ameamka, amekisoma, ameongeza chake. Halafu wakaipeana. Na hawakuifunga. Ya ndani yote iko wazi, mtu yeyote anaweza kuangalia vile imeshonwa, achukue, abadilishe, apee jirani. Wanaomba tu kitu moja: wewe ukipea mwingine, usimfungie.

Nikamuuliza, "Ya ndani yote? Hakuna siri?"

"Hakuna siri."

Paker, mimi! Mimi mwenye nimemaliza viatu nikitafuta ya ndani ya watu, kumbe kuna mahali watu wameweka ya ndani yao kwa meza na kusema karibu!

"Na mtu akiona makosa huko ndani?"

"Anaandikia wenye kuitengeneza. Anasema, hapa pameharibika. Kama anajua, anashona mwenyewe anawapelekea."

"Haendi kuambia majirani kwanza?"

"Majirani wagani?"

Fundi hajui vile alinipiga. Watu wasiojuana hata sura wanaona makosa ya mwingine, na wanaenda kwa mwenyewe, na sindano mkononi. Na mimi nilikuwa umbali wa chumvi kutoka kwako.

Lakini hiyo bado haikuwa kitu, ngoja. Fundi akaniuliza, "Sasa unataka nifute nirudishe ile ingine? Nikifuta, hii yote alifanya inapotea." Na Paker, nisikudanganye kwa barua ya msamaha, nilitaka kusema futa. Ndio nilitumwa. Nikifungua mdomo, yeye akauliza, "Na hawa wamama wote hapa ni kina nani?" Akanigeuzia kioo.

Kulikuwa na majina. Kila mmoja wetu na mlango wake, ukiguza jina yako unaingia kwako, mambo yako iko kwako. Mama Njeri. Mama Shiko. Nasieku. Nilisoma na kidole, polepole, vile nasomanga. Nilikuwa natafuta Mama Brayo. Sikuiona, na roho ikaniuma, nikasema ni haki yangu. Jina ya mwisho kabisa ilikuwa Paker.

Fundi akaiguza. Ikafunguka, na maandishi yake ilikuwa makubwa, makubwa kama ya mbao ya duka, kwa sababu unajua macho yangu vile yamechoka. Na ilikuwa Kiswahili. "Picha." "Muziki." "Zima." Nilisoma mwenyewe! Hakuna mtu alinisomea. Nimeishi na hizi mashine miaka mingapi, za benki, za hospitali, za kila mahali, zote zinaongea juu ya kichwa yangu kama wazungu wamekaa kwa meza yao, na hii moja imegeuka ikaniangalia, ikaongea na mimi.

Nikamuuliza fundi kama zote zinakujanga hivyo. Akasema hapana, ukiiweka Kiswahili haikuji yote yenyewe, huyo mmama lazima aliitafuta akaiingiza na mkono, kwa ile kioo nyeusi. "Yenye maneno inapanda?" nikamuuliza. "Hiyo hiyo," akasema.

Kwa hivyo ile nilisimama kwa mlango wako nikaona, ile nilikimbia nayo mpaka nikasahau chumvi, ilikuwa ni wewe unaomba mashine iongee na mimi.

Fundi akaniuliza, "Mama, unalia?" Nikamwambia ni vumbi ya simenti. Kitengela tuna bahati, vumbi haikosi. Nikabeba laptop yangu kwa kifua kama mtoto, nikaenda.

Halafu nikaanza kurudisha maneno. Wacha nikuambie kitu sikuwa najua na umri wangu wote: uongo niliisambaza mchana moja, na ukweli imenimaliza wiki mbili. Nilienda mlango kwa mlango. Kuna mmoja nilimweleza yote, jasho inanitoka, akanisikiza mpaka mwisho akasema, "Mama Brayo, lakini ile ya kwanza ilikuwa tamu kuliko hii." Mwingine alisema umenipea kitu ndio nikusafishe. Kule Nkoroi mama mmoja wa kikundi yetu alikataa kabisa, nikarudi siku ingine na laptop, nikamfungulia, nikamwonyesha jina yake. Akaishika kioo na kidole akauliza, "Huyu ni mimi?" Mama Njeri naye alipoona yake alitoa ile nailoni. Aliivuta polepole, yote, akaikunja akaweka kwa mfuko. Na Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikundi nikasema na mdomo huu, Ngoto Sein hakuiba, mimi ndio niliiba jina yake. Hakuna mtu alinipigia makofi na ni vizuri hivyo.

Sasa nakuja kwa holi kila mchana, nafungua pale kwa Paker, naandika. Hii barua ni mimi nimeandika, vidole viwili, siku sita. Ukiona makosa ni yangu, uniambie mimi. Na saa zingine naacha kuandika, naangalia tu. Nafikiria huyo mtu mwenye aliketi mahali akasema hapa tuandike "Zima" ndio mtu kama mimi aelewe. Ni mwanamke? Ako na watoto? Ni wa Mombasa ama ni wa Tanzania? Kiswahili yake ni safi sana, ingine hata siielewi. Mimi najua habari ya kila mtu kutoka hapa mpaka Gataka, lakini huyu siwezi jua hata jina, na ndio amenipea kitu kubwa kuliko wenye najua siri zao. Hajui niko. Alinifanyia tu. Kama amenipea kondoo, nitamwitaje, na hata nikimwita atasikia wapi? Nikifikiria hivyo mwili inakuwa baridi, kama ukiwa kanisani na wimbo imeingia vizuri na kila mtu amesahau kuangalia nguo ya jirani.

Lakini huyo ni mgeni, anaweza kupea mtu hajui. Wewe ulikuwa unanijua. Ulijua mdomo yangu vile iko, miaka ishirini, na bado ukanitengenezea mlango. Hiyo ndio inanishinda zaidi.

Wanawake wanasema urudi, ati hakuna wa kuwafundisha. Nimewaambia hiyo waandike barua yao. Mimi sikuji juu ya laptop.

Nakuja Jumanne, siku ya soko ya Kimana, ndio hata ukikataa kuniona nisiwe nimekuharibia siku ya shamba. Nitauliza watu njia, unajua kuuliza naweza. Nitasimama nje ya kwenu. Sitaingia mpaka useme. Ukituma mtu aniambie haupo, nitaelewa upo, na nitarudi Kitengela bila kuambia mtu yeyote, na hiyo ujue ni kiapo kikubwa kwangu kuliko cha kanisa.

Na ukitoka, sitaongea. Nimesema yangu hapa, imeisha, imebandikwa kwa mlango. Wewe ndio utaongea, hata kama ni kunigombeza kutoka asubuhi mpaka ng'ombe zirudi nyumbani. Niko na masikio mawili, Paker, na nakuja nayo yote.

Ni mimi,
Mama Brayo,
Paker yako kama bado utaniita.